Thunder wakabiliwa tena na hesabu iliyowapokonya Harden

OKTOBA 27, 2012, siku chache kabla ya msimu mpya wa ligi ya NBA kung’oa nanga nchini Marekani, klabu ya mpira wa vikapu ya Oklahoma City Thunder ilimhamisha James Harden hadi Houston Rockets. Miezi minne tu awali, Harden, Kevin Durant, Russell Westbrook na Serge Ibaka walikuwa wameifikisha timu hiyo fainali, ambako walizidiwa maarifa na Miami Heat kwa mechi 4-1. Hakuna hata mmoja wa vijana hao wanne aliyekuwa ametimiza umri wa miaka 24.

Hawakutenganishwa na ugomvi wala majeraha. Ibaka, mzawa wa Congo-Brazzaville, alikuwa ametia saini mkataba mpya wa dola milioni 48 miezi miwili kabla, na wasimamizi wa klabu wakaona hawangemudu kumlipa Harden naye kiwango cha juu kabisa alichodai. Kwa mujibu wa ripoti za wakati huo, pengo lililobaki mezani lilikuwa la mamilioni machache ya dola, tena kwa kipindi cha miaka minne. Houston hawakubishana na bei. Walimpa dola milioni 80 kwa miaka mitano.

Wapenzi wa mchezo huu katika Afrika Mashariki wana sababu yao wenyewe ya kuikumbuka timu ile. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alijiunga nayo mwaka huo huo wa 2012. Katika uteuzi wa chipukizi wa 2009, Memphis Grizzlies walimchagua Mtanzania huyo akiwa wa pili, na Thunder, waliokuwa na zamu ya tatu, wakamchukua Harden.

Yaliyofuata yanajulikana. Durant alitawazwa mchezaji bora wa ligi mwaka wa 2014, Westbrook 2017 na Harden, akiwa na jezi ya Houston, 2018. Watatu waliokuwa chumba kimoja cha kubadilishia mavazi walitwaa tuzo kubwa kuliko zote kila mmoja kwa wakati wake, lakini Thunder haikuonja fainali tena kwa miaka 13.

Ilipoirudia, ilishinda. Juni 22, 2025, Thunder walitwaa ubingwa kwa kuwalaza Indiana Pacers kwa mechi 4-3, baada ya kushinda mechi 68 kati ya 82 za msimu wa kawaida. Msimamizi aliyemwachilia Harden, Sam Presti, ndiye yuyo huyo aliyeisuka timu hii mpya. Na kabla hata shangwe za ubingwa hazijapoa, mwezi wa Julai, klabu ilikubaliana na nyota wake watatu. Shai Gilgeous-Alexander, mchezaji bora wa ligi msimu huo, alipewa dola milioni 285 kwa miaka minne. Jalen Williams alipata mkataba wa miaka mitano unaoweza kufika dola milioni 287, naye Chet Holmgren wa miaka mitano unaoweza kufika milioni 250. Jumla yake ni hadi dola milioni 822, zaidi ya Sh100 bilioni kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati huo.

Safari hii, basi, Presti hakubishania vijisenti. Wengi walisema amejifunza. Huenda ikawa kweli, lakini sheria zilizomkabili mwaka wa 2012 sizo zinazomkabili sasa, na mtu anayetafuta jibu la leo katika kosa la jana anaweza kupotea njia.

Msomaji aliyezoea soka ya Uingereza huenda akashangaa iweje klabu bingwa ishindwe kuwahifadhi wachezaji wake ilhali hazina imejaa. Katika soka, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kanuni za matumizi zipo, lakini hutegemea zaidi mapato ya klabu yenyewe, hivyo mkubwa hubaki mkubwa. NBA ina utaratibu mwingine. Kuna kikomo kimoja cha mishahara kwa klabu zote, iwe ni ya Los Angeles penye mamilioni ya watu na runinga zenye fedha, au ya Oklahoma City. Kilipoanzishwa katika msimu wa 1984-85 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 3.6. Katika msimu wa 2025-26 kilifika milioni 154.6.

Kikomo chenyewe kina tundu kubwa, tena lililoachwa kwa makusudi. Klabu inaruhusiwa kukivuka ili kumlipa mchezaji wake yenyewe aliyeitumikia kwa misimu kadhaa, kanuni ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la Larry Bird, nyota wa Boston Celtics wa miaka ya themanini. Mantiki yake ni kwamba mashabiki wasinyang’anywe mchezaji waliyemwona akikua. Juu ya kikomo hicho kuna mpaka mwingine. Klabu inayouvuka hutozwa kodi ya anasa, na kadiri inavyozidi kuuvuka, na kadiri inavyorudia mwaka baada ya mwaka, ndivyo kodi inavyokuwa kali.

Kwa muda mrefu kodi hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu kuu, na adhabu ya fedha humtisha asiye nazo. Golden State Warriors walionyesha jinsi utajiri na bahati vinavyoweza kufuatana. Stephen Curry alikuwa ametia saini mwaka wa 2012 mkataba wa dola milioni 44 kwa miaka minne, bei iliyoshushwa na matatizo ya kifundo cha mguu. Kisha mwaka wa 2016 fedha mpya za runinga zikakirusha kikomo kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94.1 kwa mkupuo mmoja. Ghafla timu iliyokuwa imeshinda mechi 73 msimu uliotangulia ikawa na nafasi ya kumsajili Durant, na ni Oklahoma City iliyompoteza. Warriors walibeba ubingwa wa 2017 na 2018. Waliporudi kileleni mwaka wa 2022, mishahara yao pamoja na kodi ilifika takriban dola milioni 346 kwa msimu mmoja.

Wamiliki wenzao walichoka. Katika makubaliano mapya na chama cha wachezaji, yaliyofikiwa mwaka wa 2023, kuliwekwa kizingiti cha pili juu ya vile vilivyokuwapo. Katika msimu wa 2025-26 kizingiti hicho kilikuwa dola milioni 207.8. Klabu inayokivuka hailipi kodi tu. Haiwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili au watatu ili kumpata mmoja mkubwa kwa kubadilishana. Haiwezi kupokea mshahara mkubwa kuliko iliyotoa, hata kwa dola moja. Haiwezi kutoa fedha taslimu katika mapatano ya kubadilishana wachezaji. Hunyimwa kibali cha kusajili mchezaji wa kiwango cha kati kutoka nje. Isitoshe, haki yake ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza, miaka saba mbele, hufungiwa isiweze kutumiwa katika mabadilishano, na ikiendelea kukaa juu ya kizingiti, haki hiyo husukumwa hadi mkiani mwa raundi.

Hapo ndipo penye tofauti na enzi ya Harden. Kodi huuma mfuko wa mmiliki, na mmiliki mwenye ukwasi anaweza kuamua kuumia. Kizingiti cha pili humfunga mikono msimamizi, hata bosi wake awe bilionea asiyejali gharama. Timu yaweza kubaki pamoja, ndiyo, ila haiwezi tena kujirekebisha. Mmoja akivunjika mguu au akizeeka, hakuna njia ya kumpata mbadala wake.

Boston Celtics ndio waliokuwa wa kwanza kuonyesha ukali wa sheria hii kwa timu bingwa. Walitwaa taji la 2024, la 18 katika historia yao, wakiwa na Jayson Tatum, Jaylen Brown, Jrue Holiday, Derrick White na Kristaps Porziņģis. Mkataba wa Brown ulikuwa wa dola milioni 304, wa Tatum milioni 314. Waliihifadhi timu nzima kwa mwaka mmoja zaidi wakijua gharama yake. Kisha Mei 2025 Tatum alikatika kano ya kisigino katika mechi dhidi ya New York Knicks, na hesabu zilizokuwa zikivumilika zikageuka kichekesho. Kama wangebaki walivyokuwa, ilikadiriwa kwamba mishahara na kodi ya msimu wa 2025-26 vingefika karibu dola milioni 500, kwa timu ambayo nyota wake angekuwa akijiuguza. Ndani ya miezi michache Holiday alikuwa amekwenda Portland, Porziņģis Atlanta, Luke Kornet San Antonio na mkongwe Al Horford Golden State. Ikumbukwe kwamba klabu hiyo ilikuwa imetoka tu kukubaliwa kuuzwa kwa dola bilioni 6.1. Fedha hazikukosekana Boston.

Denver Nuggets, mabingwa wa 2023, walibomoka polepole, tofali moja moja. Wiki chache baada ya kubeba kombe walimpoteza Bruce Brown, aliyepewa na Indiana dola milioni 45 kwa miaka miwili, wakati kanuni ziliwaruhusu wao kumpa chini ya milioni 8 kwa mwaka kwa kuwa alikuwa amewatumikia msimu mmoja tu. Mwaka uliofuata Kentavious Caldwell-Pope naye alienda Orlando. Nikola Jokić na Jamal Murray walibaki, ila wale waliokuwa wakiziba nyufa kati yao hawakuwapo tena.

Wadadisi wa ligi hiyo hupenda kutaja kwamba tangu 2019 hadi 2025 kulikuwa na mabingwa saba tofauti katika miaka saba, jambo ambalo halijawahi kutokea awali: Toronto Raptors ya Masai Ujiri, ambaye mamake ni Mkenya, kisha Los Angeles Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston na Oklahoma City. Wakuu wa ligi huliita jambo hili usawa. Ni usawa kweli, lakini umepatikana zaidi kwa kuwashusha walio juu kuliko kuwainua walio chini, na shabiki wa Denver au Boston ana haki ya kuuliza kwa nini timu yake iadhibiwe kwa kuwalea vijana vizuri. Brown na Tatum hawakununuliwa kutoka kwa jirani. Walichaguliwa na Celtics wakiwa chipukizi, wakakulia hapo hapo.

Siri ya ubingwa wa Thunder ilikuwa bei. Katika msimu wa 2024-25 Gilgeous-Alexander alilipwa karibu dola milioni 36, Holmgren karibu milioni 11 na Jalen Williams chini ya milioni 5, kwa kuwa wawili hao walikuwa bado katika mikataba ya uchipukizi ambayo viwango vyake hupangwa na ligi. Watatu kwa pamoja waligharimu takriban milioni 52, chini ya ambavyo Tatum peke yake angelipwa mwaka uliofuata. Williams, aliyefunga pointi 40 katika mchuano wa tano wa fainali, alikuwa akilipwa kama mchezaji wa akiba. Nafasi iliyobaki ndiyo iliyomwezesha Presti kumsajili Isaiah Hartenstein kwa dola milioni 87 za miaka mitatu na kumpata Alex Caruso kutoka Chicago. Hata baada ya hayo yote klabu ilimaliza msimu bila kulipa senti ya kodi ya anasa.

Bei hiyo haitarudi. Kanuni zinasema mshahara wa kwanza wa mchezaji katika mkataba wa kiwango cha juu ni asilimia 25, 30 au 35 ya kikomo, kutegemea miaka yake ligini na tuzo alizonyakua. Gilgeous-Alexander yuko katika asilimia 35, Holmgren 25 na Williams 25 au 30. Hivyo watatu watameza kati ya asilimia 85 na 90 ya kikomo kizima. Tukitumia takwimu za 2025-26, hiyo ni kama dola milioni 139 zikiwa nyingi. Ukiondoa hizo kutoka kwa milioni 207.8 za kizingiti cha pili, zinabaki kama milioni 69 za kuwalipa wachezaji kumi na wawili. Hartenstein, Caruso na Luguentz Dort, beki anayewakaba nyota wa wapinzani usiku baada ya usiku, walichukua zaidi ya milioni 60 wakiwa watatu tu katika msimu huo.

Ni rahisi kuona ni nani atakayesukumwa nje. Si Shai. Mikataba ya Hartenstein na Dort iliandikwa kwa namna ambayo, ikifika msimu wa 2026-27, klabu ndiyo yenye uamuzi wa kuwabakisha au la. Ile ya Isaiah Joe na Aaron Wiggins, ya viwango vya kati, ilitiwa saini mwaka wa 2024 wakati nafasi ilikuwapo, na ya Wiggins hushuka kila mwaka badala ya kupanda. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la Presti lilikuwa likiandikwa miaka miwili kabla ya bili kufika.

Ngao yake nyingine ni chipukizi. Mwaka wa 2019 alipomwachilia Paul George kwenda Los Angeles Clippers, alipokea Gilgeous-Alexander pamoja na haki tano za uteuzi wa raundi ya kwanza, na mojawapo ya haki hizo ndiyo iliyomleta Jalen Williams mwaka wa 2022. Akiba kama hiyo humwezesha msimamizi kumwacha mchezaji wa dola milioni 18 na kumweka mwingine wa milioni 4, mradi jicho lake la kuchagua lisimdanganye. Celtics walipofika kwenye kizingiti cha pili ghala lao la chipukizi lilikuwa limepungua, kwa kuwa mengi walikuwa wameyatoa ili kuwapata White na Holiday. Hawakukosea. Walipata kombe. Ila hawakubakiwa na chochote cha kuzibia pengo.

Wapo wanaosema suluhisho ni nyota wenyewe kukubali kupunguziwa. Mifano ipo. LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh walitia saini chini ya kiwango cha juu walipokutana Miami mwaka wa 2010, wakabeba kombe mara mbili. Julai 2024 Jalen Brunson wa New York alikubali dola milioni 156.5 kwa miaka minne ilhali angesubiri mwaka mmoja tu angepewa takriban milioni 269 kwa mitano. Lakini kumlaumu Gilgeous-Alexander kwa kutofuata nyayo hizo si haki. Makubaliano ya 2023 yanawahakikishia wachezaji wote kwa jumla kati ya asilimia 49 na 51 ya mapato ya mchezo huu. Anachokiacha nyota hakiendi kwa shabiki, na mara nyingi hakimfikii mwenzake. Kinaweza pia kuishia kumpunguzia mmiliki kodi. Heat wenyewe walimwachilia Mike Miller mwaka wa 2013 kwa sababu ya kodi hiyo hiyo, licha ya kafara za wale watatu.

Walioumizwa zaidi na mfumo huu ni tabaka la kati: Brown wa Denver, Caldwell-Pope, Dort, watu walio bora mno kulipwa kiwango cha chini lakini si mashuhuri kiasi cha kutoguswa. Chama cha wachezaji kiliyakubali makubaliano haya, na nyota wake wameneemeka. Hata Karl-Anthony Towns, nyota kamili, alihamishwa na Minnesota hadi New York mwaka wa 2024, miezi michache baada ya timu hiyo kufika nusu fainali ya ligi, kwa sababu hesabu za vizingiti hazikumruhusu kukaa pamoja na wenzake wenye mishahara mikubwa.

Ndiyo maana somo la Harden linahitaji kusomwa kwa makini. Mwaka wa 2012 Thunder ilikuwa na njia ya kuwaweka wote wanne pamoja, angalau kwa muda, kama mmiliki angekubali kulipa kodi. Ilichagua kutolipa, na lawama iliyoifuata ilistahili. Sheria ya 2023 imeiondoa fursa hiyo. Leo hata mwenye moyo wa ukarimu hulazimika kuchagua, na kinachoweza kupimwa ni kama amechagua mapema au amengoja hadi kamba ikamkaza shingoni.

Kwa wakazi wa Oklahoma City hili si suala la takwimu pekee. Klabu hiyo ilihamia kwao kutoka Seattle mwaka wa 2008, na wanajua kwamba kilichohama mara moja chaweza kuhama tena. Desemba 2023 asilimia 71 ya waliopiga kura mjini humo walikubali kutozwa kodi ya mauzo ya senti moja kwa kila dola ili kujenga ukumbi mpya wa angalau dola milioni 900, klabu ikichangia milioni 50 na kuahidi kubaki hadi 2050 na zaidi. Walichonunua ni uhakika wa kuwa na timu. Uhakika wa kuwa na timu hii haukuwa sehemu ya mapatano.

Ukumbi huo umepangwa kuwa tayari kufikia msimu wa 2028-29. Mkataba mpya wa Gilgeous-Alexander, unaompa wastani wa zaidi ya dola milioni 71 kwa mwaka, unaanza kutumika msimu wa 2027-28. Huo ndio msimu wa kwanza ambapo wote watatu watakuwa wakilipwa bei kamili kwa wakati mmoja.